Baba iko chimbo: nani anafundisha mtoto heshima?

  Leo hatuzungumzi bei ya zahabu wala matope ya barabara ya Fizi. Tunataka kuzungumza neno moja linaloleta ugomvi katika nyumba nyingi za wachimbaji kila mwisho wa mwaka, wakati wanaume wanateremka kutoka chimbo kuja kula Noeli na Bonane pamoja na jamaa zao.

Ugomvi wenyewe tunaujua wote. Baba amekaa chimbo miezi saba, minane. Anashuka kwenye pikipiki, vumbi toka kichwa mpaka miguu, mfuko begani, anaingia katika parseli. Mtoto wa miaka tisa amekaa mlangoni, anachezea simu ya mama yake. Anainua macho, anasema "jambo", anarudisha macho kwenye simu. Hasimami, hapokei mfuko, haleti kiti. Baba hasemi kitu mbele ya majirani. Lakini usiku, kiisha kula, neno linatoka: "Ni mutoto wa namna gani huyu ulinilelea?" Na mama, ambaye kwa miezi minane alitafuta bugali, alilipa nyumba na alibeba huyo mtoto kwa dispanseri wakati wa malaria, anajibu vile anavyojibu. Sikukuu imekwisha kuharibika.

Sisi tunasema swali la huyo baba ni swali la kweli. Ila halipashwi kujibiwa na mama peke yake.

Kwanza tuelewane ni heshima gani tunayoitafuta. Mtu akisema "adabu", wengi wanafikiria fimbo, ao wanafikiria maneno makubwa ya darasani. Kwetu huku kando ya ziwa heshima inakaa katika vitu vidogo vya mdomo na vya mikono, na mtoto anavishika kabla hajajua kuvifasiria. Tuchukue salamu. Mtoto aliyefundishwa, akiamka asubuhi, hamwambii baba yake "ulilala aje?" Anamwambia "mulilala aje, baba?" Baba ni mtu mmoja, lakini mtoto anasema naye kama anasema na watu wengi. Imeongezeka herufi moja tu, na ile herufi moja inapima malezi yote. Waliosoma watasema ni kama "vous" ya Wafaransa. Hata bibi ambaye hakuingia darasa lolote anaisikia mara moja isipokuwepo, na atamrudisha mtoto: "Sema tena. Ulisema na nani?"

Ngambo ya ziwa, Kigoma na Ujiji, mtoto anasema "shikamoo" na mkubwa anaitika "marahaba". Kwetu neno hilo halikuzoeleka, ijapokuwa Kiswahili kilitufikia na mitumbwi ya upande huo. Wazungu Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858 walitoka Ujiji kwa mitumbwi, katika njia ambayo wafanyabiashara walikuwa wamekwisha kuizoea. Hata maneno "adabu" na "heshima" asili yake ni Kiarabu, yalipanda kutoka pwani pamoja na shanga. Jambo lenyewe, yaani mdogo kumtambua mkubwa, halikungoja mtumbwi wa mtu. Bavira, Bafuliiru na Babembe walikuwa nalo kila mmoja katika luga yake.

Kiisha salamu inakuja mikono. Mtoto akipewa kitu na mkubwa anakipokea kwa mikono miwili, ao kwa mkono wa kuume huku ule wa kushoto umegusa kiwiko. Jirani zetu Warundi wanafanya vilevile, na ukivuka pale Gatumba utaona mama anampiga mtoto kidogo mkononi kwa sababu alinyoosha mkono mmoja. Mgeni akifika, kiti kinaletwa kabla hajaulizwa habari. Chakula kikiwa tayari, mtoto anashika jagi na beseni, anamwaga maji mikononi mwa mgeni kwanza, kiisha mwa wakubwa. Hapiti katikati ya wakubwa wawili wanaosema; anazunguka, na kama hakuna njia anainama na kuomba njia. Haiti mtu mkubwa kwa jina lake tupu: anasema baba fulani, mama fulani, kwa jina la mtoto wao. Ndugu yake aliyemtangulia anamwita yaya.

Na kuna sahani. Katika nyumba nyingi za kwetu watoto wanne, watano wanakula pamoja kwenye sahani moja: bugali katikati, sombe pembeni, ndagala juu. Kwa maoni yetu hiyo sahani ndiyo darasa kubwa kuliko yote. Pale mtoto anajifunza kutonyoosha mkono mbele ya mwenzake, kutochagua ndagala kubwa zote, kuacha kitu kwa yule mdogo ambaye vidole vyake bado havijui kukata bugali. Hakuna anayehubiri. Ni yaya tu anayesema, "Wewe, ile ni ya mutoto," na mkono unarudi.

Tumekaa juu ya mambo haya madogo kwa sababu moja. Yote yanataka mtu aliye pale. Salamu inarekebishwa saa kumi na mbili asubuhi, wakati inasemwa vibaya, si mwezi wa kumi na mbili. Mkono unarudishwa kwenye sahani jioni ileile. Mzazi akikosa siku moja hakuna kitu. Akikosa miezi minane, mia kadhaa za asubuhi na mia kadhaa za jioni zimepita, na kila mtoto amejaza zile saa kwa kile alichokuta.

Wachimbaji wa zamani hawakuishi hivi. Wazee waliofanya kazi Kamituga wakati wa MGL, na kiisha SOMINKI iliyoanzishwa mwaka 1976, walikaa katika kambi pamoja na mke na watoto. Huko Katanga, Union Minière ilifanya hivyo tangu miaka ya 1920: nyumba, dispanseri, masomo, na hata mahali pa kufundisha wanawake kushona na kutunza nyumba. Hatusemi kambi ilikuwa paradiso. Kampuni ilitaka mfanyakazi asiyetoroka, na ilijitia hata katika mambo ya ndani ya nyumba ambayo hayakuihusu. Lakini jioni honi ikilia baba alirudi, na mtoto alimwona akivua viatu, akinawa, akimsalimia jirani.

Mwaka 1982 serikali ya Mobutu iliruhusu raia kuchimba kwa mikono yao. SOMINKI ikadhoofika na kuzimika katika miaka ya 1990. Toka hapo mchimbaji wa kwetu anaenda peke yake. Analala chini ya shitingi, hajui kama kisima kitatoa kitu mwezi huu ao mwaka ujao, na hawezi kuleta watoto kukaa pale. Anafanya vizuri kutowaleta. Basi jamaa inabaki Uvira, na zahabu inakuwa Misisi, na katikati kuna Makobola, Mboko, Swima, Baraka, na vizuizi vya barabarani ambavyo kila kimoja kinataka kitu.

Zamani hata baba akiwa mbali, mtoto hakuwa wa watu wawili. Alikuwa wa parseli nzima: bibi, babu, shangazi, mjomba, mama mdogo. Alikuwa pia wa avenii: mkubwa yeyote aliweza kumtuma kununua chumvi, na akimkuta anatukana aliweza kumrudi. Habari ilimfikia mama kabla mtoto hajafika nyumbani. Ile kamba imekatika pahali pengi, na si kwa sababu watu wamekuwa wabaya. Mwezi wa nne mwaka 2020 mito ya Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira ilifurika, watu makumi walikufa na maelfu ya nyumba zikaharibika. Mwaka 2021, na tena 2024, ziwa lenyewe lilipanda na kuingia katika nyumba za chini. Vita za milima zimeteremsha watu wengine. Jamaa nyingi zimehama mara mbili, mara tatu. Zinapanga chumba kimoja katika avenii ambayo hazijui mtu, na bibi amebaki kijijini. Jirani mpya akimrudi mtoto wako, unamwuliza, "Wewe ni nani kwake?" Na yeye kesho atanyamaza.

Walimu wanafanya wanachoweza. Katika miaka ya kwanza mtoto anasoma kwa Kiswahili, na somo la uraia na adabu liko katika programu. Lakini tangu masomo ya msingi ya serikali yafanywe bure mwaka 2019, madarasa yamejaa, na mwalimu mmoja mbele ya watoto wengi hivyo hawezi kuona nani alipokea kalamu kwa mkono mmoja.

Sasa tuseme jambo ambalo baba wengine hawatalipenda. Chimbo linafika nyumbani hata kama baba hakufika. Linafika kwa simu. Baba anapiga, mama anaweka sauti ya juu ili afanye kazi nyingine huku anasema, na chumba kizima kinasikia. "Zile feza nilituma zilienda wapi? Wewe mwanamuke hauna akili." Mtoto wa miaka sita amekaa pale anakula. Amesikia namna mkubwa anayeheshimiwa anavyosema na mama yake. Kiisha mwezi, mama anamtuma maji naye anamjibu kwa sauti ileile, karibu kwa maneno yaleyale, na kila mtu anashangaa ameyatoa wapi.

Tena kuna njia nyingine, na hii tumeiona ikiharibu nyumba. Baba asiyemwamini mke wake anatuma feza kwa M-Pesa ao Airtel Money kwenye simu ya mtoto wa kwanza, kijana wa miaka kumi na tano. Mama anapashwa kumwomba mwana wake feza ya sombe. Kijana anahesabu, anauliza, "Ya nini tena?" Baba alifikiri analinda mali yake. Alichofanya ni kumpandisha mtoto juu ya mama yake, na siku atakaporudi atakuta yule kijana amepanda juu yake yeye pia. Feza ya chakula ipite kwa mama. Kama kuna shida ya hesabu kati ya bwana na bibi, waizungumze wao wawili, mtoto akiwa amelala.

Na baba anaporudi na feza mkononi, watoto wanaangalia. Wanaangalia kama anapita kwa mzee wa parseli kusalimia ao anapita moja kwa moja mpaka nganda. Wanaangalia kama anamtuma mtoto wa kike saa tatu za usiku kumletea bia. Wanaangalia namna anavyosema na kijana wa pikipiki anayedai franka zake. Mtoto haulizi maswali juu ya mambo haya. Anayaweka.

Wengine watasema: dawa ni fimbo. Kuna methali inayosema samaki mkunje angali mbichi, na sisi watu wa ziwa tunaipenda. Lakini muulize mama yeyote anayekausha samaki Kalundu: hata akiwa mbichi, ukimkunja kwa nguvu anapasuka. Anakunjwa polepole, kwa mikono yenye maji. Baba anayerudi kiisha miezi minane na kutaka kuingiza heshima yote katika majuma mawili kwa mkanda, atapata mtoto anayesimama haraka akimwona. Asidanganyike. Yule mtoto anasimama kwa sababu anapima umbali mpaka mlangoni. Baba akirudi chimbo, heshima nayo inapanda pikipiki pamoja naye.

Kuna watu wanaosema haki za watoto zimeharibu adabu. Tunawaomba wasome kwanza. Hati ya Afrika juu ya haki na maisha bora ya mtoto, iliyopitishwa na nchi za Afrika mwaka 1990, inasema katika kifungu cha 31 kwamba mtoto ana wajibu wa kuheshimu wazazi wake na wakubwa wakati wote, na kuwasaidia wakiwa na shida. Hilo halikuandikwa Ulaya. Lakini hati ileile, katika kifungu cha 20, inawaambia wazazi wahakikishe kwamba adhabu ya nyumbani inatolewa kwa utu, bila kuvunja heshima ya mtoto mwenyewe. Na Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, inawapa wazazi kazi ya kumlinda mtoto na kila tendo la ukali, ndani ya nyumba na nje. Heshima imewekwa pande mbili za meza.

Hapa ndipo tunafika kwenye neno ambalo lilitufanya tuandike. Mtoto akifundishwa kwamba mkubwa hajibiwi, hakatazwi, haulizwi, tumemfundisha heshima ao tumemfunga mdomo? Katika nyumba ambamo baba yuko mbali na mama anashinda sokoni toka asubuhi, mtoto anakutana na wakubwa wengi kwa siku: mwenye nyumba, mwenye butiki, rafiki ya baba aliyetumwa kuleta mzigo, kijana wa jirani. Wengi wao ni watu wazuri. Lakini akitokea mmoja mwenye nia mbaya, atatumia neno lilelile tulilofundisha: "Mutoto wa heshima hakatalie mukubwa. Na usimwambie mama." Msichana aliyezoeshwa kutii kila sauti nene hana silaha yoyote. Na akiumizwa atanyamaza, kwa sababu kusema mabaya ya mkubwa ni kukosa adabu.

Kwa hiyo tunasema wazi: mtoto wa heshima anapashwa kujua kukataa, na anaweza kukataa bila kutukana. Maneno yapo katika Kiswahili chetu, tuyatie mdomoni mwao mapema kama tunavyowatia salamu. "Munisamehe baba, mama alinikataza kuingia." "Nitaleta, lakini nitakuja na yaya." "Ngojeni niulize mama kwanza." Angalieni, mule ndani "mu" ya heshima imebaki, magoti yamebaki, na mtoto amebaki mlangoni, hakuingia. Mkubwa wa kweli hatakasirika kwa maneno hayo. Akikasirika, amejionyesha. Na mtoto ajue kwamba siri inayoanza na "usimwambie mama" haihesabiwi katika heshima hata kidogo. Aiseme siku ileile, hata kama ni juu ya mjomba, hata kama ni juu ya mtu anayeleta sukari nyumbani. Akisema, msianze kwa kumpiga wala kwa kumwuliza alifuata nini kule. Mkianza hivyo, hatasema mara ya pili.

Ni vilevile na mtoto anayevutwa na chimbo. Kijana wa miaka kumi na mbili akisikia kwamba rafiki yake alipanda Misisi akarudi na viatu vipya, salamu zako zote hazitamshika. Huko atatwanga mawe, atabeba mchanga, atauza maji, na atajifunza matusi ambayo hata baba yake anaogopa kuyasema. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inayolinda mtoto haitaki mtoto katika kazi za namna hiyo, na mtoto ni kila mtu asiyefika miaka 18. Lakini sheria iko mbali, baba yuko karibu na shimo. Akimkuta mtoto wa mwenzake pale, si kazi yake kumpa nyundo. Ni kazi yake kupiga simu Uvira. Ile kamba ya avenii tuliyosema imekatika, wanaume wa chimbo wanaweza kuifunga upande wao.

Tusiache jambo moja ambalo Uvira haiwezi kuliacha. Mji wetu una Bavira, Bafuliiru, Babembe, Barundi, Banyamulenge, Bashi, Barega na wengine, na damu imemwagika kwa ajili ya majina hayo. Mtoto hazaliwi na tusi la kabila. Analiokota mezani, wakati wakubwa wanasema "wale watu" na kucheka. Mtoto anayemsalimia vizuri mama wa kabila lake na kumpita mama wa kabila lingine kama jiwe, huyo hana heshima. Ana uzoefu tu. Hapa wachimbaji wana somo ambalo mwalimu yeyote wa mjini hana. Ukishuka katika shimo mita makumi, kuna mtu juu anayeshika kamba. Kuna mwingine anayeangalia hewa iendelee kushuka. Hukumwuliza kabila kabla ya kushuka. Uliangalia kama mikono yake ni ya kuaminiwa. Mwambieni mtoto hadithi hiyo. Mtajeni yule mtu kwa jina lake, na mwite baba fulani, kama mnavyotaka watoto wawaite ninyi.

Sasa, kwa yule aliye mbali, nini kinawezekana? Hatudai arudi kesho. Tunajua nani analipa nyumba. Lakini kuna vitu vichache ambavyo tumeviona vikifanya kazi katika jamaa ambazo baba yuko chimbo na watoto wanamjua.

Cha kwanza ni kupiga simu kwa watoto pia, kuliko kupiga kwa mama tu juu ya feza. Mwite kila mmoja kwa jina, mmoja baada ya mwingine, toka mkubwa mpaka mdogo, na ungoje salamu. Akisema "ulilala aje", cheka kidogo, mwambie aseme tena. Mwulize kitu kimoja tu, kidogo: nani alichota maji leo, mwalimu alifundisha nini, mlikula nini. Usimwulize kama mama alitoka jana. Siku utakapomfanya mtoto mlinzi wa mama yake, heshima ya watu watatu imeanguka kwa swali moja.

Kama kuna neno la kumrudi mama, zimeni sauti ya juu. Kama kuna neno la kumrudi mtoto, usilirudi peke yako: mwulize mama kwanza alifanya nini juu yake, na ufuate. Baba anayevunja kwa simu adhabu ambayo mama ametoa anafundisha kwamba kuna serikali mbili. Na watoto, kama tunavyojua sisi Wakongomani, wanaelewa haraka namna ya kuishi kati ya serikali mbili.

Mtafute tena bibi. Kama yuko Makobola ao katika milima na ana simu, mpe watoto namba yake, watume salamu Jumapili. Kama hayuko tena, chagua mzee mmoja wa avenii, nenda kwake siku utakaporudi, na watoto wakufuate nyuma, wakuone ukipokea kiti kwa mikono miwili. Mwambie mbele yao: "Mzee, hawa ni watoto wenu. Mukiwaona wanakosa, musiningoje." Neno hilo moja linamrudishia jirani ruhusa ambayo avenii mpya ilimnyang'anya. Mama naye atapumua, maana hatakuwa tena peke yake mwenye kusema "hapana" toka Januari mpaka Desemba.

Na siku ya kufika, acha mkanda kiunoni. Juma la kwanza mtoto hajui wewe ni nani. Anajua sauti tu. Shika wewe jagi, mnawishe mama yako ao mkwe wako mbele yake. Kula na watoto mara moja katika sahani yao, ingawa desturi inakuweka kwenye meza nyingine. Utaona nani anamwachia mdogo ndagala na nani hamwachii, na utajua mke wako amefanya kazi gani miezi yote hiyo bila kumwuliza.

Jambo la mwisho ni la mtandao. Misisi simu inakatika, wote tunajua, na inite ni za kuhesabu. Kama una dakika tano tu, usizimalize zote juu ya feza. Mbili za mama, peke yake. Tatu zilizobaki wape watoto, na ukifika kwa yule asiyejua bado kusema, mwambie mama amwekee simu sikioni, umsalimie wewe kwanza.